Mjinga wa Kudumu

Wengine hupata kazi kwa vyeti. Mwanamke huyu aliipata kwa kukosa hata kimoja, na kwa muda mrefu alijisifia jambo hilo kama mtu aliyeshinda mashindano.

Alikuwa kibarua wa kufagia jengo la utawala la chuo kikuu, wakati chuo kilipofungua studio ya televisheni. Studio yenyewe ilikuwa stoo ya viti vibovu, madirisha yamezibwa kwa magunia ili kelele za nje zisiingie. Mwalimu kijana aliyeiongoza alitaka kufundisha watu wazima kusoma, kupitia televisheni zilizowekwa kwenye kumbi za vijiji. Alisema somo litanoga likiwa na mwanafunzi wa kweli, si mwigizaji. Akatoka hadi kwenye korido, akamkuta na ufagio wake.

"Mama, unajua kusoma?"

"Mwalimu, hata jina langu likipita mbele yangu silisalimii."

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta."

Maneno hayo hakuwahi kuambiwa na mwanamume yeyote, mumewe akiwemo. Mumewe alikuwa ameondoka zamani akisema hawezi kuzeeka na mbumbumbu. Sasa ujinga uleule uliomfukuza mume ukamletea kamera. Chuo kizima kikamwita Mama Televisheni. Alianza kutembea ubavuubavu hata nyumbani, kwa kuwa mpiga picha alimwambia upande wa kushoto ndio unaompendeza.

"Wifi," dada wa yule mume alimwambia alipokuja kumchungulia, "umekuwa mtu mkubwa. Nchi nzima inaona usivyojua."

"Na wewe je, nani anakuona?"

Muhula ulipokwisha, alikuwa anasoma. Polepole, mdomo ukitangulia macho, lakini anasoma: makopo, mabango, hata maandishi ya chooni, ambayo aliyajutia. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Tepu za kurekodia zilikuwa chache, hivyo chuo kilifuta masomo yaliyokwisha kuonyeshwa ili tepu zitumike tena. Muhula mpya masomo yakarudi mwanzo, na mwanafunzi naye akatakiwa arudi mwanzo.

"Fanya kama siku ile ya kwanza, mama," mwalimu alimwomba. "A huijui. Umeisahau."

Akaisahau. Aliitazama A kama mgeni aliyekuja bila taarifa, akakuna kichwa, akatafuna kucha. Mafundi mitambo walicheka hadi picha ikatikisika. Kusema kweli, alikuwa mjinga bora zaidi kwa kuigiza kuliko alipokuwa mjinga halisi.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: ajira ya kudumu. Kibarua huamka kila asubuhi hajui kama bado yumo. Mwalimu alimwombea, na mkuu wa utawala akajibu kwamba kwanza atakuja na kamati yake kumwona. Tarishi wa jengo, mtu wa kujua kila kitu hata kisichokuwepo, akamvuta pembeni.

"Jichunge, Mama Televisheni. Hawa wanataka mjinga wa kweli. Wakigundua unasoma, kesho wanaleta mwingine."

Akamwuliza mwalimu afanyeje.

"Kuwa kama ulivyo tu," mwalimu akasema, huku akikimbilia waya uliokuwa ukitoa cheche.

Kama alivyo! Yupi sasa, yule wa muhula wa kwanza au huyu wa pili?

Wakaja asubuhi, suti zimekaza matumbo. Kwa heshima yao korido ilikuwa imepigwa rangi, na benchi lililokuwa humo pia, la kijani, juu yake karatasi yenye herufi kubwa. Mkuu akaitazama karatasi, akamtazama yeye, akatabasamu.

"Karibu ukae, mama."

RANGI MBICHI. Alikuwa hajawahi kusoma kitu kwa kasi ile. Nyuma ya wajumbe mwalimu alikuwa anachekelea kama mzazi kwenye mahafali. Mtego ndio huu, akawaza. Alikuwa amevaa gauni lake pekee la kutokea. Gauni nitalifua, kazi ikipotea nitaifua wapi? Akakaa. Na kwa kuwa hakuzoea kufanya kazi nusunusu, akajisogeza nyuma, akaegemea.

"Benchi zuri," akasema. "Limepoa."

Hakuna aliyecheka. Mkuu akamgeukia mwalimu.

"Umemfundisha tangu muhula uliopita, na huyu ndiye uliyetuandikia kwamba anasoma?"

Akaelewa hapo, rangi ikiwa imeshapenya hadi ndani. Hawakuja kuhakikisha kama bado ni mjinga. Walikuja kuona kama televisheni inafundisha. Akafungua mdomo aseme, lakini mwenye mgongo wa kijani nani atamsikiliza? Wajumbe walikuwa wameshageuka.

Studio ikafungwa. Mwalimu alikuwa anakunja nyaya aliposema, bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi:

"Kumbe ulikuwa unakariri tu, mama."

"Nilisoma, mwalimu."

"Usinifariji."

Akachukua chaki, akaandika ubaoni: NILIKAA MAKUSUDI. Mwalimu akasoma, akaketi sakafuni, akashika kichwa. Kisha akainuka, akamshika mkono, wakaenda mbio hadi kwa mkuu wa utawala. Mkuu akamwonyesha tangazo ukutani. Akalisoma lote, hadi mhuri.

"Anasoma vizuri," mkuu alikiri. "Tatizo ni kwamba kamati imeshakaa."

"Si ikae tena?"

"Ikae tena iseme ilikosea? Bwana mdogo, wewe bado mgeni hapa."

Basi studio ikarudi kuwa stoo, na mwalimu akahamishiwa kupanga ratiba za mitihani. Yeye, kwa kuonewa huruma, akapewa alichokitaka: mfagiaji wa kudumu. Karani akamsogezea mkataba na pedi ya wino.

"Nipe kalamu, mwanangu. Jina langu naandika."

"Faili linasema hujui, mama. Ukiandika, itabidi lirudi kwenye kamati."

Kamati! Angeweza kugoma. Angeweza kusimama pale na kudai kalamu mpaka ofisi ifungwe, wifi apate hadithi ya kusimulia hadi uzeeni. Lakini alikuwa amechoka kuamka bila kujua kama yumo. Akabonyeza dole gumba kwa nguvu, kama anayeua kunguni. Karani alipoinama kutafuta kitambaa, yeye aliona mstari mmoja uliopigwa chapa juu ya alama yake, akausoma kwa kunong'ona: "Nimesomewa yote haya na nimeyaelewa."

"Umesemaje, mama?"

"Nimesema asante, mwanangu."