Raba Moja Mlangoni mwa Hema

Enzi zetu kule Kinangop, baridi haikuwa kitu cha kufunga safari kukitafuta. Ilitufuata yenyewe, kitandani, njiani na darasani. Wenzangu mliokulia nyanda za juu mnaikumbuka ile Julai ya ukungu, mikono ya sweta imerefuka kwa kuvutwa ifunike vidole, na kikombe cha uji unakikumbatia kwanza kabla ya kukinywa. Leo binti yangu wa pili, Nyambura, anafanya kazi Kanada, na ameamua kwamba starehe ya Jumamosi ni kwenda kukaa juu ya ziwa lililoganda, atoboe barafu, ateremshe ndoana na kungoja samaki. Kwa hiari yake! Na madukani samaki wamejaa.

Wiki hii alinitumia picha za mahema matatu ya kuvulia kwenye barafu. "Mama, nisaidie kuchagua," akasema. "Nataka jepesi, nibebe mwenyewe." Tangu akiwa mdogo hapa Kensington, mtaa wetu wa Johannesburg, tumechagua pamoja kila kitu, kuanzia mkoba wa shule, basi nikavaa miwani nikakaa jikoni. Nje ilikuwa Januari ya Johannesburg, joto la mchana na mawingu ya radi yakijikusanya.

Lile jepesi kuliko yote lilikunjuka kama mwavuli. Kuta zake zilikuwa nene kama godoro, zipu ikishuka hadi chini, na muuzaji alijisifu kwamba upepo haupenyi hata chembe. Ndani alikaa kijana anayetabasamu, miguuni pake hita ya gesi inawaka. Sikuona kitu kingine tena ila ile hita.

Maana sisi tulikuwa na hema letu. Tulipocheza kalongolongo, ule mchezo wa baba na mama, tulijenga nyumba ya fito na magunia ya viazi, na tuliifanya nyepesi makusudi ili tuweze kuihamisha kufuata jua uwanjani. Mimi na dada yangu Wairimu tulishika huku na huku, tukatembea na nyumba yetu, tukiwa tumeiacha sakafu nyuma. Ilinuka udongo na viazi, na mle ndani tulipika majani ya maboga kwenye mikebe, tukanywa chai ya maji matupu, tukagombana nani awe mama. Watoto wa siku hizi wakitaka kucheza nyumba wanaomba chaji.

Siku moja manyunyu yalianza wakati Mama yuko shambani akichuma pareto. Tukaingiza jiko la makaa, tukatumbukiza viazi majivuni, tukaziba mlango kwa gunia lililolowa. Joto lilikuwa tamu, nakumbuka mpaka leo. Wairimu akalala. Mimi kichwa kikawa kizito, nikasikia Mama akituita kwa mbali, nikakosa nguvu za kuitika.

Mama hakuhangaika kutafuta mlango. Aliishika nyumba kwa mkono mmoja akaing'oa nzima, akaitupa kando, mvua ikatunyeshea usoni. Wairimu alitapika, akalia, na Mama aliposikia kilio hicho alikaa kwenye matope na yeye akalia. Tangu siku hiyo, kila jiko lilipoingia ndani, alichomeka gambuti, buti lake la mpira, mlangoni mlango usifungike, na kusema, "Afadhali mtetemeke nikiwasikia."

Tabia hiyo nilihama nayo. Majira ya baridi ya hapa, hita ya gesi ikiwashwa sebuleni, nilichomeka kiatu kwenye mlango wa jikoni na kufungua dirisha nyuma ya nondo zake. Watoto walinicheka miaka yote. "Eish, Mama, tunapasha joto mtaa mzima!" Nyambura ndiye aliyecheka zaidi, na ndiye aliyepewa jina la mama yangu.

Sasa mnaelewa kwa nini nilimpigia. Wepesi wa nyumba ndio uliotuokoa na sumu ya makaa, nilikuwa nikijiambia, lakini hema la barafuni hufungwa kwa misumari ya kuzungushwa ndani ya barafu, upepo usilichukue. Nani ataling'oa? Nikamwambia achague lile la tatu, zito kidogo, lenye matundu ya hewa juu na chini.

"Hilo siwezi kulivuta peke yangu, Mama," alinijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Lile jepesi nimeshalichukua. Lina kidirisha. Tulia, sawa? Sharp."

"Nyambura, mama, hiyo hita..."

"Mama. Najua."

Alijua nini? Usiku huo sikulala vizuri.

Leo ndiyo Jumamosi. Radi imepiga, mvua ya mawe imepita, na picha imeingia. Hema jekundu kwenye weupe usio na mwisho. Nimeivuta kwa vidole nikitafuta kidirisha, nikakuta kimefunguliwa. Nikashusha macho hadi mlangoni mwa hema. Zipu haijafika mwisho. Pale kwenye pengo amechomeka raba moja nyeupe, tekki yake ya hapa nyumbani. Nimelia jikoni peke yangu, mtu mzima na miwani yangu.

Enzi zetu Mama alijua kwamba tu wazima kwa kutupapasa shingo tukiingia, kisha akaendelea kumenya viazi. Alitusikia kutoka shambani. Mimi nimepewa picha, na picha inaniambia tu kwamba mtoto alikuwa mzima alipoipiga. Nimemwandikia avae soksi mbili. Ujumbe haujasomwa bado, na simu nimeiweka mezani, mbele yangu, sauti juu.