Nyati ya Mutua ndio itatangulia

Bado kichwa yangu inakataa, manze. Mutua ameenda. Mutua wa stage ya pickup hapo Ngara.

Wenye mnanijua mnajua mimi si mtu wa kupost. Hata kwa meeting mimi hukaa karibu na mlango. Lakini leo nimekasirika, na nikinyamaza itanichoma.

Kwa wenye hamjui, Nyati ni pickup. Sisi wenye tuko nazo tunabebea watu mzigo. Viti, simiti, viazi, hata bibi harusi mara moja. Ya Mutua ni ile ya kijani, mlango ya kushoto inafungwa na kamba.

Yangu nilinunua kwa sababu yake. Nilikuwa nimeshika pesa naangalia gari ingine, akanivuta shati. "Kijana, hiyo ni chungu ya udongo. Ikifika Naivasha Road utaokota vipande."

Akanifundisha na salamu yetu. Ukipatana na Nyati barabarani, unapiga honi mbili, fupi fupi. Hata kama humjui dereva. Hata kama uko kwa jam ya Westlands na askari amekukazia macho.

Mimi nilikuwa naona aibu. Nilikuwa nainua kidole tu kwa usukani. Mutua akawa ananicheka mbele ya wasee wote: "Huyu hata honi yake huomba ruhusa!"

Kisha ile habari ikakuja. Kampuni yenye huunda Nyati imesema haitaundwa tena kwa kiwanda yao. Kazi wamepatia kampuni ingine huko nje, iunde, wao wabandike jina. Outsourcing, ndio wanaita.

Siku hiyo Mutua aliacha chai nusu. Hiyo sikuwa nimewahi ona.

Tukaenda showroom yao Westlands, magari tumepanga nje kama harusi. Mutua amevaa koti ya kanisa. Kijana wa customer care akatupatia soda na kofia. Akasema, "Wazee wetu, haya mabadiliko ni ya kuwajali nyinyi."

Mutua akamuuliza, "Bibi yangu akinunua chapati kwa hoteli aniwekee kwa sahani yake, hizo ni chapati zake?"

Kijana akacheka. Akasema hiyo swali atapeleka juu.

"Juu wapi? Ngazi iko wapi? Twende sasa hivi!"

Tulimshika koti. Na mpaka leo hakuna mtu wa huko juu amejibu. Hata simu. Hata "tumepata."

Na unajua nini inaniuma? Ile kofia alikuwa anavaa. Asubuhi anaitukana hiyo kampuni, jioni msee akisema Nyati imeisha, anataka kupigana. Mtu anakupenda hivyo na wewe unampea soda!

Stage tukabishana. Hii mpya nayo tutaipigia honi? Mutua akasema, "Mimi? Gari ya kubandikwa jina? Never!"

Sasa siku moja niko nyuma yake Naivasha Road. Mpya ikatokea mbele, nyeupe, kijana ameshika usukani kama ameshika mtoto mchanga. Akapiga honi mbili.

Nikaona mabega ya Mutua imekaza. Halafu nikasikia: pi, pi.

Tulipofika Riruta nilimwangalia tu. Akasema, "Wacha hiyo macho yako. Kijana amenunua na jasho yake. Si yeye alipeana kiwanda."

Kichwa ilikuwa inamuuma siku hizo. Mama Ndinda, bibi yake, akamwambia aende apimwe presha. Anasema ataenda watu wa Westlands wakishajibu. Mutua! Uliwangoja wao, na presha haikukungoja. Hata wewe nimekukasirikia. Wacha niseme tu.

Saa hii watu wanatafuta Nyati za zamani kama dhahabu, juu kila mtu anataka ile ya ukweli. Juzi tuko kwa matanga kwake Riruta, tunaimba, kaka ya Mutua akakuja na broker wa magari. Broker anafungua boneti. Mwenye gari bado yuko mochari na mtu anapima oil!

Kaka anasema, "Hearse ya kubeba mwili tumeshakodisha. Hii ya nini tena?"

Ya nini? Kwetu, mwenye Nyati akienda, Nyati yake ndio inatangulia mpaka nyumbani. Wenzetu wote tumewazika hivyo.

Wasee wakaanza kelele. Mimi kelele siwezi. Nilienda nikafunga boneti, nikaikalia.

"Buda, shuka," broker ananiambia.

Nikakaa.

Mama Ndinda akatoka jikoni, mikono yote unga. "Na wewe, hiyo ndio kiti umechagua?"

Nikamwambia, "Mama, Mutua bado hajafika nyumbani."

 Akageukia shemeji yake. "Lete funguo." Akaniwekea kwa mkono, na unga zake. "Wewe ndio utaendesha. Na usimpeleke kimya kimya kama kawaida yako."

Kwa hivyo kesho asubuhi, wenye Nyati, tupatane stage Ngara. Ya zamani, mpya, zote mkuje. Wewe kijana wa ile nyeupe ya Naivasha Road, kama unasoma hii, nafasi yako iko.

Kampuni, nyinyi msitume kofia.

Mutua, mlango nimefunga na kamba yako, vile ulikuwa unaifunga. Kesho niko kwa usukani yako, hearse iko nyuma yangu. Honi nitapiga kutoka Ngara mpaka kwenu Ukambani, na sitaomba mtu ruhusa.

Pumzika poa, mzee wangu. Utanisikia.