Matabishi ya Mawese

Nilipomaliza sekondari, mjomba alinitaka niache mpango wa ualimu nikauze vitenge mpakani Kavimvira. Laiti ningekataa. Nilikubali mwenyewe.

Leo jirani anachemsha mawese, na harufu yake imenirudisha utotoni, kwenye meza ya mama sokoni, kando ya ziwa. Siku moja mwalimu alitaka kesho yake tueleze tofauti ya vitu vinavyohesabiwa na vinavyopimwa, nami nikawa nalifikiria swali hilo nikimsaidia mama kuuza.

Mteja alinunua samaki aina ya mikeke na mafuta ya mawese, kisha akadai nyongeza yake ya bure. "Mama, matabishi yangu iko wapi?"

"Weye! Nikukatie mukeke mukia?" Mama alicheka. "Ni mumoja muzima ao hakuna. Leta chupa."

Akamimina tone, kisha uzi mwembamba mwekundu, kisha kidogo tena. Popote angeweza kukomea.

"Nimeelewa!" nikapiga kelele. "Samaki anaruka toka mmoja hadi wawili, mafuta yanapita kila mahali katikati!"

Soko likacheka. Kesho yake nilifundisha hivyohivyo, na darasa zima likanipigia makofi.

Bado natabasamu. Lakini lile ndilo somo pekee nililofundisha maishani.