Kipande ambacho Kabula hakukimaliza

Kwa miaka mingi nimekuwa nikijiuliza: zawadi ina thamani gani ikiwa aliyeitoa hatamjua kamwe aliyeipokea, wala hatajua kama ilifika? Sikutarajia swali hilo linirudie nikiwa nimekaa kwenye mkeka wa msiba.

Kabula amefariki. Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mara kadhaa. Mkono unaiandika, mimi mwenyewe bado naikataa. Ugonjwa ulikuwa wa ghafla, na tumemzika kijijini kwao, Shinyanga.

Wengi mlimfahamu kama dada wa steshenari pale Buseresere: kuchapa, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti. Wachache mlijua kompyuta yake ilifanya nini mteja akishaondoka.

Alikuwa miongoni mwa watu wanaojitolea kuwaazima watafiti kompyuta zao. Hesabu za kutafuta dawa ni kubwa mno, hivyo hukatwa vipande vipande na kutumwa kwa intaneti duniani kote. Kompyuta ikikaa bure, inapiga hesabu ya kipande chake, ikimaliza, inakirudisha.

Kwenye skrini yake palizunguka umbo la protini, kama shanga zilizojisokota, na chini yake mstari wa kijani uliojaa polepole. Nilisoma kemia chuo kikuu, nikiishi chumba kimoja naye, na bado nilikuwa nikisimama pale nikitazama kama mtoto. Nyuma ya kaunta yenye vumbi, kitu kisichoonekana kwa macho kilikuwa kinajaribiwa kila namna ya kujikunja.

Eneo lile ni la dhahabu, kwa hiyo watu walihitimisha kwamba kompyuta ile nayo inamchimbia kitu. Baba Limi, mchimbaji mdogo aliyekuwa akija kutoa kopi za leseni yake, hakuchoka kumtania.

"Dada Kabula, mtambo umeshagusa mwamba?"

"Bado, Baba Limi. Tunatoa udongo."

"Na mgao wako ukoje?"

"Sina mgao."

"We! Unachimba bila mgao? Umerogwa wewe, siyo bure."

Kabula akacheka. "Na lile shimo lako la mwaka jana lilikupa nini?"

"Maji matupu."

"Kuna aliyechimba tena pale?"

"Achimbe ana wazimu?"

"Basi na mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Nikikuta maji, nasema hapa maji, mwingine asichimbe tena."

Baba Limi alicheka hadi akaondoka bila kopi zake.

Nilidhani naijua sababu ya Kabula kujitolea. Mdogo wake alifariki kwa malaria wakiwa bado watoto, nami nikaunganisha mambo hayo mawili, nikaridhika. Siku nilipomuuliza, alinitazama kwa mshangao. "Hapana bwana. Mashine imekaa bure tu, na wao wana kazi." Mpaka leo sijui kama alinificha jambo, au ni mimi niliyetaka sababu kubwa kuliko iliyokuwepo.

Baada ya mazishi tulikwenda Buseresere kumrudishia mwenye nyumba fremu ya duka: mimi, kaka yake Masanja, na mama yao. Masanja aliwasha kompyuta ili afute vitu vya marehemu, apate kuitumia kwenye kazi yake ya mizigo kule Isaka. Kabla hajagusa kitu, shanga zikatokea, zikaanza kuzunguka. Mstari wa kijani ukaendelea kuanzia pale pale ulipokuwa siku Kabula alipougua.

Nikasogea karibu na skrini.

"Hiyo ni nini?" Mama akauliza. Nikamweleza kadiri nilivyoweza.

"Tukiizima, kuna mgonjwa ataumia?"

Nilitamani kusema ndiyo. Lingekuwa jibu zuri kwa mama aliyefiwa.

"Hapana, Mama. Kipande kisiporudi, watampa mtu mwingine akifanye upya."

"Mtu gani?"

"Hatumjui. Anaweza kuwa wa nchi yoyote."

Mama akautazama ule mstari. "Baba yao alipofariki, pamba ilikuwa imefika magotini. Majirani walikuja wakapalilia mpaka mwisho wa shamba. Leo huyo mtu wa mbali ndiye aje kumalizia ya mwanangu, na sisi tupo?"

"Mayu, hii siyo pamba," Masanja akamwambia mama yake kwa upole.

"Kwani mimi sijui pamba? Kaa chini."

Tukakaa. Tulifunga maboksi ya karatasi, tukarudi kukaa. Baba Limi alikuja kutoa pole, akamwamkia Mama shikamoo, akaambiwa tunachokisubiri. Akavua kofia, akageuza ndoo na kuketi juu yake. Nimewahi kuwa kwenye ibada kubwa zenye kwaya na vipaza sauti. Sikumbuki kimya chenye heshima kama kile, watu wanne tukitazama mstari mwembamba ukijaa.

Ukajaa. Kipande kikaenda.

"Haya," Mama akasema, "sasa zima."

Masanja akanyoosha mkono. Wakati huohuo shanga nyingine zikatokea, za umbo tofauti, na mstari ukaanza upya.

"Na hiki cha nani?"

"Ni kipya, Mama," nikasema. "Kimeletwa kwa jina la Kabula."

Masanja akaurudisha mkono wake taratibu, akauweka juu ya goti.

Kompyuta sasa iko Isaka. Masanja anaifanyia kazi zake. Akitoka kwenda kukagua malori, shanga zinazunguka.

Swali langu bado halina jibu. Sijui kama kipande kile kilikuwa dhahabu au maji, na sitajua, kwa kuwa kikishafika kule kinachanganywa na vingine vyote, hata wenyewe hawawezi kukitenga na kusema hiki ni cha Kabula. Sina hakika pia kama tulichokimaliza siku ile ni kazi ya watafiti au ni palizi ya mama kwa mwanawe. Huenda natafuta faraja tu na kuipa jina la fikra.

Pumzika, mwenzangu. Lala bila wasiwasi. Zamu yako ina watu.