Chokaa ya Mbeyu na Magunia Yaliyogeuzwa

Siku ya kwanza Mbeyu kuingia dukani kwangu, duka la vifaa vya ujenzi, hakutaja bei. Aliweka ndoo chini, akatoa mwiko, akauliza, "Tajiri, ukuta gani unakusumbua?"

Nilimwonyesha ukuta wa nyuma. Nilikuwa nimeupiga simiti mara tatu, na mara zote tatu ulivimba kwa chumvi ukabanduka. Aliukwangua hadi kwenye jiwe, akapaka chokaa yake kiraka cha ukubwa wa sinia, akaosha mwiko. "Masika yakiisha nitarudi tuseme bei."

Mimi nilianza kwa kuuza misumari kwa kopo pale Kibokoni. Sijazoea mtu anayeacha mali yake ukutani kwa mwenziwe akaenda zake. Ama huyu ni mjinga, nikasema, ama anaijua kazi yake. Masika yakaisha. Kiraka kilikuwa kikavu, kigumu, cheupe pe. Aliporudi nilijaribu kukitia kasoro.

"Mbona hakikulainika vizuri?"

"Ulitaka ukuta mkavu au ulitaka kioo?"

Siku hiyo alinishinda bei, nikaanza kuuza chokaa yake, na si wengi mjini hapa wanaoweza kusema walinishinda.

Mbeyu ni mtu wa Kaloleni, anakaa Tudor na binti zake wawili. Alianza kwa kuwachotea maji mafundi waliokuwa wakikarabati nyumba za Mji wa Kale, akatazama, akashika. Leo ana tanuri lake mwenyewe upande wa bara, Jomvu. Hakati matumbawe baharini. Ananunua mawe ya kuta za zamani zilizoanguka, anayapanga juu ya magogo ya mikorosho iliyokwisha kuzaa, anayachoma, anayazima kwa maji, anachekecha. Mikono yake ina makovu ya chokaa hadi viwikoni, wala hayafichi.

Mwaka jana akaja Lamis, msanifu majengo, anayesimamia ukarabati wa nyumba kongwe ya ghorofa tatu nyuma ya barabara ya Ndia Kuu. Alitaka magunia mia nne. Kwa Mbeyu hiyo ilikuwa kazi ya kumwezekea tanuri lote bati, asilale njaa kila masika moto unapozimwa na mvua. Lakini mwenye nyumba alikuwa na sharti: kila kinachoingia kiwe "endelevu", na muuzaji aonyeshe. Neno hilo siku hizi liko kila mahali, hata kwenye mifuko ya simiti. Mimi nikaona hili ni jambo la muhuri tu. Nikachongesha muhuri wa jani, nikapata na wino wa kijani, na chini yake maneno: CHOKAA ENDELEVU, HAINA MADHARA. Nikayapiga magunia matupu yote, nikampelekea Mbeyu ajaze.

Asubuhi Lamis aliyopanga kuja kukagua, Mbeyu akaja na lori na magunia mia mbili ya kwanza. Yamegeuzwa ndani nje, yote. Jani halionekani hata moja.

"Wewe mwanamke, unataka kunifilisi?"

"Endelevu maana yake nini, tajiri?"

"Maana yake hakuna kinachomalizwa."

"Tanuri moja linanilia magogo kumi na mawili. Hayo hayamalizwi? Na mawe yananiishia. Sifungi jina langu kwenye gunia la uongo."

"Jina lako halimo kwenye gunia!"

"Muulize fundi yeyote wa Mji wa Kale hii chokaa ni ya nani."

Lamis alikwisha fika mlangoni.

"Sabalkheri. Mbona magunia yamevaa kinyume?"

Nilifungua mdomo niseme mshonaji alikosea. Mbeyu akanitangulia. Akamweleza jani, akamweleza magogo, kisha akaongeza neno ambalo mimi nisingelitoa hata kwa koleo: "Mawe ya zamani niliyonayo, bi Lamis, yanatosha magunia mia mbili na hamsini. Yaliyobaki nitanunua mawe mapya ya machimbo. Ukiyataka nitakuchomea, lakini ujue."

Nikatazama sakafu. Bati la Mbeyu nililiona likiruka.

"Na hiyo mikorosho," Lamis akauliza, "inapandwa mingine?"

"Mwenye shamba amepanda. Miche sitini, nimeihesabu. Kama itapona, sijui. Silali pale."

Lamis akacheka. "Wiki tatu nazunguka kwa wauzaji, na kila mmoja ana jani lake. Hakuna aliyenitajia gogo hata moja. Niandikieni maneno haya hivi hivi. Nachukua mia mbili na hamsini."

Magunia mia moja na hamsini yaliyobaki hakununua kwa mtu. Alirudi akapima upya, akaacha plasta ya zamani kila mahali ilipokuwa bado nzima.

Kwa hiyo mimi nilikosa faida ya magunia hayo, na gharama ya wino ikanikaa. Mbeyu ameezeka nusu ya tanuri. Nusu ya pili bado inanyeshewa. Lakini tangu hapo wasanifu wanne wamekuja kwangu, na wote wanaanza kwa kuuliza lile tanuri la Jomvu, si bei. Kila gunia sasa lina mistari mitatu: mawe yametoka wapi, kuni gani na magogo mangapi, na nani amechoma. Nilimwomba aniruhusu jani dogo pembeni. Alikataa.

Muhuri uko stoo. Anayeutaka aje tupatane.