Matusi ya Kuwashia Gari

Gari la baba lilikuwa linawaka kwa matusi, na matusi yenyewe yalikuwa yangu. Sisemi kwamba niliyatoa mimi. Niliyapokea, kila asubuhi, nikiwa kitandani, dirisha langu likiwa limetazamana na bampa la mbele pale uani kwetu Ilala.

Mpango haukubadilika. Baba anapiga stata. Injini inakohoa kama mtu aliyepaliwa na chai, inazima. Harufu ya petroli inapenya wavu wa dirisha inakuja kunikalia puani. Halafu baba anashuka, anaegemea dirisha langu, anaanza:

"We mwali! Umelala? Lala, baba, lala, jua bado changa. Wenzako wako Kariakoo wanabeba magunia, wewe umebeba mto. Hiyo miguu Mungu kakupa ya nini, ya kuvalia soksi? Nimekusomesha mpaka fomu foo, somo ulilolifaulu ni dari. Siku ukifa waoshaji watakaa bure, maana hata vumbi la nje halijawahi kukugusa. Haya. Baki na ukuta wako."

Akisha kusema hivyo anarudi garini, anapiga stata tena, na gari linawaka. Moshi mweusi unaingia chumbani kwangu, na baba anakwenda zake kuchukua vipuri kwenye maduka ya Kariakoo na kuvipeleka kwa mafundi wa Gerezani, kazi aliyoifanya mpaka mgongo ukapinda.

Kwetu Wazaramo, mwali ni binti aliyevunja ungo akawekwa ndani. Mimi nina ndevu. Nilikuwa natengeneza feni na pasi za watu chumbani kwangu, wateja wanagonga mlango, chakula kiko jikoni, choo kiko nyuma. Niambie, nje nikatafute nini? Baba hakuwa na jibu ila hilo la dirishani, na miaka yote niliamini kwamba anashuka garini ili anitukane tu.

Asubuhi aliyofariki, nyumba nzima ilijua kwa sababu stata haikulia. Mimi nilijua wa mwisho. Ndiyo siku niliyolala vizuri kuliko zote.

Kaka yangu alikuja kutoka Buguruni na kipanya chake cha abiria. Maiti haijaoshwa, yeye yuko uani analizunguka gari la baba, anayapiga matairi mateke.

"Kesho nawaita watu wa chuma chakavu," akasema.

"Hili litamsindikiza baba makaburini," nikasema.

Waliokuwa wanafunga turubai wakasimama na kamba mikononi. "Na nani dereva?" mmoja akauliza.

"Mimi."

Ndani wanawake walikuwa wanalia. Nje wanaume walicheka mpaka mzee mmoja akatoa leso. Leseni nilikuwa nayo. Baba mwenyewe ndiye aliyenipeleka kujifunza, nadhani kwa matumaini kwamba siku moja nitaondoka.

Kaka akanitazama kuanzia ndara hadi kichwani. "Sawa. Liende makaburini na lirudi kwa moto wake, bila kusukumwa, ni lako. Likikataa, kesho linapimwa kilo. Na wewe utafute pengine pa kulala, hicho chumba nakipangisha."

Basi hapo ndipo nilipotambua kwamba lililokuwa linawekwa kwenye mizani si gari peke yake.

Kabla sijafungua mlango wa gari, nikamkuta mtani wetu. Ni mama wa Kinyamwezi wa nyumba ya pili, rika la baba, na Mnyamwezi kwa Mzaramo ana ruhusa yake msibani: anaweza kumkejeli maiti, kumkejeli mfiwa, na haruhusiwi mtu kukasirika. Alikuwa amevaa koti la baba na kofia yake, spana mfukoni, kiuno amekipinda vilevile.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mwali. Nani kakufungulia? Ngoma yako tumeshacheza?"

Nikaingia garini. Nikapampu pedeli ya mafuta kwa nguvu zote, kama mtu anayejaza tairi la baiskeli, nikapiga stata. Ikakohoa, ikazima. Nikapampu tena. Kimya. Petroli ikaanza kudondoka chini ya injini, na watu waliokuwa wanavuta sigara wakasogea wenyewe bila kuambiwa.

Fundi mmoja wa Gerezani, rafiki wa baba, akainua boneti. "Umepampu?"

"Nimepampu."

"Umeilevya. Boya la kabureta limetoboka, nilimwambia marehemu akanijibu boya ni mimi. Boya likizama, hakuna kinachoizuia petroli, inamwagikia humo ndani tu. Injini inaomba hewa, wewe unaiongezea kinywaji. Chomoa plagi."

Nikazichomoa. Zilikuwa nyeusi na zimelowa, zinanuka. Nikazifuta kwa kanga ya mtu, nikazipeleka jikoni kuzikausha kwenye mkaa uliokuwa unapika ubwabwa wa msiba. Moto ukaruka. Mpishi akanifukuza kwa mwiko: "Ulimshindwa baba yako akiwa hai, sasa unataka kutuunguza na wageni?" Nikarudi, nikazirudisha, nyaya nikazikosea mpangilio. Nilipopiga stata, bomba la moshi likalipuka kishindo kilichomkatisha shehe kisomo. Ndani wanawake wakanyamaza kulia. Halafu nikamsikia mtani: "Msilie bure! Marehemu kapata choo!"

Fundi akazipanga nyaya. Nikapiga, injini ikashika kidogo, ikatetemeka, na mimi kwa hofu nikapampu tena. Ikazima.

"Mguu wako una laana?" fundi akauliza. "Sikiliza. Usipampu. Iache ipumue, petroli ikauke. Halafu kanyaga mpaka chini, shikilia, piga stata."

"Niiache kwa muda gani?"

"Ukiwahi, bado imelowa. Ukichelewa, boya linamwaga upya. Marehemu ndiye aliyejua." Akafuta mikono, akaenda kutawadha.

Jeneza likatoka. Wakaliingiza kwenye kipanya cha kaka, na kaka akapita karibu na dirisha langu bila kusimama. "Kilo," akasema.

Nimekaa, mikono kwenye usukani, sina hata la kuomba. Mtani akaja akaegemea mlango wa gari kwa kiwiko cha lile koti, kofia imemshuka machoni. Akakohoa kikohozi cha baba.

"We mwali! Umelala? Lala, baba, lala, jua bado changa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Sauti ilikuwa ile, na vituo vilikuwa vilevile. Nyumba yake na yetu zinagawana ukuta. Kumbe miaka yote alikuwa anasikiliza na yeye. Akasema magunia, akasema mto. Alipofika kwenye miguu, nikashtuka kukuta mguu wangu umeanza kushuka wenyewe juu ya pedeli. Akasema dari. Akawasema waoshaji, na hapo sauti yake ikakatika kidogo, maana waoshaji wenyewe walikuwa wamesimama pale, mikono bado inanuka karafuu maiti.

"Haya," akasema mtani. "Baki na ukuta wako."

Nikakanyaga mpaka chini. Nikapiga stata. Gari likawaka.

Moshi mweusi uliwafunika waombolezaji na kanzu zao nyeupe. Sikupata nafasi ya kuomba radhi, kipanya kilishakata kona. Nikakifuata, injini inapiga misi, inawaka na kukosa, gari linaruka kama linapita kwenye matuta hata pasipo na tuta. Baba hakushuka ili anitukane. Alishuka kusubiri petroli ikauke, na matusi yangu ndiyo yaliyokuwa saa yake. Sikujua nifurahi au nilie, nikabadilisha gia.

Makaburini nikaegesha kando ya njia, na hapo ndipo nikaona ujinga wa ushindi wangu. Nikiondoa tu mguu kwenye mafuta, injini inataka kuzima. Ikizima, hakuna mtani wa kuniwashia. Nikaokota jiwe nikaliweka juu ya pedeli. Gari likanguruma, shingo zote kaburini zikageuka. Nikaliondoa. Wote wenye miguu ya kunisaidia walikuwa kule, wamemzunguka baba. Nikabaki ndani.

Nikaona kupitia kioo wanavyomshusha. Nikaona migongo inainama na kuinuka, kila mmoja anatupa udongo wake kwa mkono. Mimi nilikuwa natupa petroli. Dua sikuisikia, injini ilikuwa inapiga misi. Nikawaona wanainua viganja, na mimi nikainua kimoja, kingine nikakibakiza kwenye usukani.

Walipomaliza, kaka alikuja mpaka kwenye gari, mikono yake ina udongo hadi kwenye viwiko. Akaipangusa yote miwili juu ya boneti ya moto, polepole, kama anayepaka rangi.

"Fungu lako," akasema. "Gari umelipata. Baba tumemzika sisi."

Nikalirudisha nyumbani kwa moto wake. Uani hakupiga makofi mtu. Mtani alikuwa amekaa kibarazani, koti la baba magotini, analikunja.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya jua, kitu ambacho mama yangu bado anawahadithia watu. Nilikuwa na feni ya mteja ya kupeleka Kariakoo. Nikapiga stata. Likakohoa, likazima, petroli ikanuka. Sikupampu. Nikashuka, nikaegemea dirisha la chumba changu, nikalitazama godoro langu kupitia wavu, halina mtu.

Nikasafisha koo. "We mwali," nikasema kwa sauti ya chini, majirani wasisikie. "Umelala? Lala, baba, lala, jua bado changa. Wenzako wako Kariakoo wanabeba magunia, wewe umebeba mto. Nimekusomesha mpaka fomu foo..."

"Umeruka miguu!" mtani akapiga kelele kutoka ng'ambo ya ukuta. "Anza upya, halitawaka hilo!"