Ndiva Kwenye Mchanga

Siku ile nilipaswa kusema hapana, nikasema ndiyo. Tulikuwa wakulima kumi na wawili wa bustani, tumekaa kwenye kibanda cha makuti cha mtani wangu, katika bonde lililo mbele kidogo ya Maneromango, na mwenyekiti wetu aliniuliza swali moja tu: je, ningekubali kusimamia ujenzi wa ndiva?

Neno hilo walilipata kwangu. Ndiva ni bwawa dogo la udongo ambalo watu wa kwetu, milimani Upare, hulijenga juu ya mashamba yao. Usiku linajaa, asubuhi linafunguliwa, na kila mtu anapata maji kwa zamu yake. Nilikuwa nikiwasimulia habari hiyo tangu nilipostaafu ukarani Kibaha na kuhamia kule na mke wangu kulima mboga. Kila kijito kilipokauka, mimi nilikuwa na la kusema kuhusu ndiva ya babu yangu.

"Umewahi kujenga kwa mikono yako?" mtani wangu aliniuliza mbele ya wote.

"Nimejenga," nikajibu.

Sikuwahi. Niliondoka milimani nikiwa na miaka tisa, mjomba aliponichukua kwenda kusoma. Nilichokijua kuhusu ndiva ni kile anachokijua mtoto: kubeba udongo kichwani, kukanyaga tope na wenzake, kisha kuchapwa kwa kuogelea mahali pasiporuhusiwa. Mke wangu alilijua hilo. Jioni yake, akichambua matembele, aliniambia bila kuinua uso, "Bado una nafasi. Kesho waambie ulikuwa mdogo." Sikuwaambia.

Nimweleze kwanza mtani wangu, maana habari hii ni yake kuliko yangu. Alikuwa Mzaramo, mzaliwa wa bonde lile. Sijui kama makabila yetu yana utani wa asili. Sisi tuliuanzisha wenyewe, mwezi wa kwanza nilipofika, nilipomkuta ameketi kwenye kigoda anamwagilia mchicha kwa kopo lililotobolewa.

"Wazaramo mnamwagilia mkiwa mmekaa?" nilimuuliza.

"Na nyinyi Wapare mnasimama kwa sababu kigoda kinauzwa," akanijibu.

Basi ikawa hivyo kwa miaka kumi na moja. Umri wetu ulikaribiana na hakuna aliyekuwa na cheti cha kuaminika, kwa hiyo kila asubuhi tuligombea shikamoo. Yeye akisimama kwenye tuta lake, mimi kwenye langu.

"Msalimie mkubwa wako, Mpare."

"Mkubwa kwa lipi? Kwa kitambi?"

"Nimeanza kunyoa ndevu wewe unanyonya."

Hakuna aliyemwamkia mwenzake hata siku moja. Nikichuma kwa bahati mbaya jani lililoning'inia kutoka upande wake, alipiga kelele kwamba atanipeleka mahakamani kabla sijampeleka yeye, maana Wapare kwa kesi tunasifika. Aliniapia pia kwamba siku ya msiba nyumbani kwangu angelala ndani ya kaburi, kama watani wanavyofanya, na asingetoka mpaka apewe jogoo. "Na asiwe wa kizungu," alisema. "Nataka wa kienyeji."

Bustani yake ilikuwa ya kwanza kutoka juu ya bonde, na katikati yake kulikuwa na kisima alichokichimba baba yake. Visima vyetu vingine vilikauka kila kiangazi. Kile hakikuwahi kukauka, na ilipofika Januari sote tulikwenda na ndoo kwake. Nyumba yake yote, yeye na mkewe na wajukuu wanne, ilikula kutokana na bamia, nyanya chungu na mchicha wa pale. Hakuwa na pensheni kama mimi wala shamba jingine.

Shida iliyotupeleka kwenye kile kikao ilikuwa hali ya hewa. Zamani mtu aliweza kupanga. Vuli ilikuja kuanzia Oktoba, ikatupa wiki kadhaa za mvua ya kutosha, kiangazi kikafuata, kikavu na kikali, halafu masika. Kwa vuli mbili mfululizo tukapata manyunyu tu. Kisha, katikati ya kiangazi, wakati mtu ameshakubali kubeba ndoo, ilikuja mvua moja ya radi na upepo, ikalaza nyanya chini, na siku ya pili jua likarudi kali kuliko kwanza. Majani yalibabuka kama yamemwagiwa maji ya moto. Miche tuliyoihamisha jioni tuliikuta asubuhi imezikwa na mchanga. Tulianza kuogopa mawingu kama tulivyoogopa jua. Mama mmoja wa upande wa chini alisema anatamani kulima ndani ya nyumba. Tulicheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliochoka.

Ndiyo maana walinisikiliza. Bwawa la juu lingepokea mvua za ghafla na kutuwekea maji ya siku za jua. Ilionekana ni jambo la akili kabisa.

Niliwachagulia mahali pembamba pa bonde, palepale maji ya mvua yalipopita, kama hatua mia moja juu ya bustani ya mtani wangu. Tukaziba pale kwa ukingo wa udongo. Nilikumbuka kwamba kwetu walitumia udongo wa kichuguu kwa sababu unashika, nikaagiza vichuguu vitatu vivunjwe. Havikutosha. Sehemu ya katikati tulijazia udongo wa palepale, ambao ni mchanga, tukafunika juu kwa tope la kichuguu. Kutoka nje ukingo ulipendeza sana. Chini nilitega bomba moja lililozibwa kwa kigogo cha kuchonga, la kufungulia asubuhi.

Mtani wangu alifanya kazi kuliko wote, na alisema kuliko wote.

"Mpare, mchanga huu hata mkojo haushiki."

"Wewe kanyaga, acha kuongea."

"Nakanyaga. Lakini mvua kubwa ikija itapita wapi?"

"Itaingia bwawani, itapita wapi tena?"

Watu wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Swali lake lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku zile, na mimi nililijibu kwa mzaha kwa sababu sikuwa na jibu.

Katikati ya Januari ikanyesha mvua ya wastani, ndiva ikajaa nusu. Tulisimama ukingoni tukitazama maji yale ya rangi ya chai ya maziwa. Mwenyekiti alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Asubuhi nilifungua bomba, maji yakateremka mpaka bustani ya mwisho, na mama yule aliyetamani kulima ndani ya nyumba akapiga vigelegele. Kwa majuma mawili niliitwa mhandisi. Nilianza kutembea taratibu.

Siku yenyewe kulikucha bila upepo. Saa nne mashati yalikuwa yameshalowa jasho. Saa saba wingu likasimama upande wa Mzenga, jeusi, limekaa chini, na ngurumo zikaanza kusikika. Kwa desturi ya bonde letu, ngurumo ya kwanza ikisikika majembe yanalazwa chini na watu wanarudi ndani. Mke wangu alikuwa ameshafunika kioo kwa kanga. Mtani wangu hakurudi ndani. Alikuja mpaka mlangoni kwangu, anahema.

"Mtani, twende tukapasue ule ukingo."

"Tupasue? Kazi ya miezi miwili?"

"Tupasue pembeni tu, maji yapate njia. Bomba lile ni dogo, na wingu hili siyo la kawaida. Twende sasa hivi, mimi na wewe tunatosha."

"Mvua za siku hizi unazijua. Litanguruma, litapita."

"Kama litapita, tutaziba tena. Nakuomba."

Hakuwahi kuniomba kitu. Nililisikia neno lile vizuri kabisa. Lakini nilifikiria watu watakavyokuta ukingo umepasuliwa, mvua yenyewe haikunyesha, na nani ataulizwa. Nikamwambia aliye na dhamana ya ndiva ni mimi na sijaona haja. Alinitazama kidogo, akageuka akaondoka mbio kuelekea bustanini kwake. Mke wangu alisema, "Mfuate." Matone ya kwanza yalikuwa yanadunda uani. Sikumfuata.

Mvua ile haikuchukua hata saa nzima. Radi ilipiga mnazi upande wa pili wa bonde, na mabati yetu yalipiga kelele mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara. Katikati yake nilisikia mlio mwingine, mzito, kama lori linamwaga kokoto. Nilijua ni nini.

Nilimkuta amesimama kwenye maji yaliyofika magotini, ameshikilia nguzo ya kibanda. Hakuumia yeye wala mtu yeyote, na hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Ukingo ulikuwa umekatika katikati, pale kwenye mchanga, na maji ya bwawa zima yalipita kwake kwa mara moja. Matuta hayakuwepo. Bamia zilizokuwa zimeanza kuzaa zilikuwa zimelala chini ya mchanga, zimebaki ncha. Kisima hukukiona. Palikuwa na duara la mchanga ulioloa, limetulia, kama hapakuwahi kuchimbwa kitu. Bustani nyingine za chini zilipata maji na tope kidogo. Yake ilikwisha.

Mvua ilipokatika watu wakaja. Hakuna aliyenilaumu, walisimama tu wakisema pole. Hapo ningeweza kusema. Badala yake nikasema kwa sauti, "Hali ya hewa imeharibika, ndugu zangu. Mvua ya namna hii kiangazi, nani angejua?"

Mtani wangu alikuwa anakamua shati lake. Alinitazama, na mbele ya wote akasema, "Kweli, mzee."

Kesho yake asubuhi alinikuta kwenye njia ya bustanini. Nilikuwa nimeandaa utani fulani, sikumbuki upi. Akanitangulia.

"Shikamoo."

Miaka kumi na moja niliidai shikamoo ile kwa mzaha, naye ananipa kwa upole, kama anavyompa mgeni yeyote mwenye mvi.

"Marahaba," nikasema.

Juma lile nilimpigia simu dada yangu mkubwa, aliyebaki milimani. Nikamweleza tulivyojenga. Alicheka kwanza, halafu akaniuliza.

"Mliweka ndiva kwenye njia ya maji?"

"Tungeiweka wapi?"

"Pembeni! Ndiva inakaa pembeni, unailetea maji kwa mfereji. Mvua ikizidi unaziba mfereji, kijito kinaenda zake. Hata watoto wanajua. Nani alikwambia mjenge katikati ya bonde?"

Hakuna aliyeniambia. Nilipokuwa mtoto nililiona bwawa, mfereji sikuutazama.

Nilikwenda kwa mtani wangu na koleo tukafukue kisima. Tulifukua siku nne. Kadiri tulivyotoa mchanga ndivyo ulivyoporomoka mwingine, maana kuta alizozijenga baba yake zilikuwa zimevunjika ndani. Siku ya nne nikamwambia ukweli wote: sijawahi kujenga ndiva, nilidanganya kibandani, na siku ya mvua niliogopa kuchekwa.

Aliendelea kuchota. "Najua hujawahi," alisema. "Nilijua siku ile ulivyojibu haraka. Hata swali lile nililiuliza kwa kushuku, mbele ya watu, upate njia ya kukataa. Na siku ya wingu nilikuja kwako peke yangu, ili usiaibike."

"Nisamehe, mtani."

"Nimekusamehe, mzee. Tena siku ileile." Akapangusa koleo, akaliegemeza kwenye nguzo, akaniaga vizuri.

Kabla ya masika alihamia Kurui, kwenye shamba la dada yake. Kule analima mihogo mlimani, mbali na maji. Nilimshawishi abaki, nikamwambia nusu ya bustani yangu ni yake. Alishukuru. Mkewe aliniambia baadaye kwamba mvua ikianza huwa anatoka nje na kusimama uani mpaka ikatike, na hawezi kueleza kwa nini.

Ukingo haukujengwa tena. Mabaki yake yameota nyasi, na maji ya mvua yanapita katikati kwa njia yao ya zamani. Sisi tuliobaki tunapanda kidogo kidogo, tuta moja leo na jingine baada ya juma, ili mvua ikiharibu isiharibu vyote. Juu ya vitalu tunatandika makuti, jua na matone makubwa yasiifikie miche. Ni mbinu yake. Alikuwa akiitumia siku zote, na mimi nilimtania kwamba Wazaramo wanajengea mchicha nyumba.

Mwaka jana mke wangu aliugua, akafariki. Tulimzika palepale, nyuma ya nyumba. Mtani wangu alikuja kutoka Kurui kwa pikipiki, barabara ikiwa tope tupu, na bado aliwahi. Alikaa jamvini na wanaume, akashika jembe zamu yake ilipofika, akachimba kwa bidii. Kaburi lilipokamilika alikuwa ndani yake, maana ndiye aliyesawazisha chini. Nilikuwa nimemfungia jogoo wa kienyeji nyuma ya jiko. Nilisimama ukingoni nikimtazama, nikingoja ajilaze.

Alinyoosha mkono, kijana mmoja akamvuta juu. Akakung'uta udongo magotini, akaja kwangu, akanipa mkono.

"Shikamoo, mzee. Pole sana kwa msiba."

Tukazika. Jioni aliondoka, na jogoo nikamfungua mwenyewe.

Hatujagombana, na nikiugua ataletewa habari na atakuja. Lakini mtu aliyekuwa akinitania hayupo tena, na katika umri huu sitapata mwingine. Hiyo ndiyo bei niliyolipa kwa ile ndiyo niliyoitamka kibandani kwake.